Kupeana migongo au kukumbatiana: milalo ya wawili kitandani na jinsi ya kuchagua wenu

Michoro ile mnaijua. Watu wawili kitandani wamechorwa kutokea juu, mchoro baada ya mchoro, kila mmoja na mlalo wake, na chini yake hukumu ya sentensi moja: hawa wanapendana, hawa wameshachokana, huyu anamtawala mwenzake. Mtu akiisoma usiku kwenye simu, kisha akageuka na kukuta kilichobaki upande wa pili ni mgongo unaokoroma, asubuhi nyumba ina kesi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyechora michoro ile hajawahi kulalia chenu.

Sisemi mlalo hauna habari. Unayo, ila si saa zote za usiku. Kuna mlalo wa kusinzia, ambao mtu anauchagua akiwa macho na akili zake timamu. Na kuna mlalo wa kuamkia, ambao mwili umejiamulia wenyewe kwa sababu ya joto, bega lililochoka au kibofu kilichojaa. Mtu mzima hujigeuza usiku mara kumi hivi au zaidi, na asubuhi hakumbuki hata moja. Kwa hiyo ninapolinganisha milalo hapa, nalinganisha zile dakika chache kabla lepe la usingizi halijawachukua. Humo ndimo mna ujumbe. Kiwiko kilichokupiga shavuni alfajiri hakikuwa na ujumbe wowote.

Kwanza namba, kwa sababu zinazunguka sana na mara nyingi zinanukuliwa nusu. Mwaka 2014 Richard Wiseman, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza, aliwauliza watu wapatao 1,000 jinsi wanavyolala na wenzi wao. Asilimia 42 walisema hulala wamepeana migongo, asilimia 31 hutazama upande mmoja, na asilimia 4 tu ndio hutazamana. Kati ya wanaolala wakigusana, asilimia 94 walisema wana furaha katika uhusiano wao, na kwa wasiogusana ilikuwa asilimia 68. Umbali nao ulikwenda hivyo hivyo: waliolala karibu kabisa, nafasi isiyofika sentimita tatu, walikuwa na furaha kuliko walioachiana sentimita 75 na zaidi.

Wengi hukomea hapo na kutangaza kwamba kutogusana ni dalili mbaya. Lakini hebu isome tena ile asilimia 68. Kati ya kila watu watatu wanaolala bila kugusana, wawili wanasema wana furaha. Tena namba hizo hazisemi kipi kilianza. Huenda kugusana kunaleta furaha, huenda wenye furaha ndio wanaopenda kugusana, na huenda wote wawili wana godoro zuri tu. Kitu kimoja kinajitokeza wazi: kugusana kulikuwa na uzito kuliko upande mtu anaoutazama. Shikeni hilo, nitalirudia tukifika kwenye migongo.

Kukumbatia kwa nyuma, au kichwa kifuani?

Hii ndiyo milalo miwili inayosifiwa kuliko yote, na mtu akiitazama juujuu ataona ni mamoja. Sivyo.

Katika wa kwanza wote wawili wamelalia ubavu na kutazama upande mmoja. Wa nyuma ameupitisha mkono kiunoni kwa wa mbele. Husemwa kwamba wa nyuma ndiye mlinzi, na wa mbele ndiye anayetaka kulindwa. Mimi naona aliye mbele naye anatoa kitu: amempa mwenzake mgongo bila wasiwasi, na mtu mwenye kinyongo hawezi kutulia hivyo kwa muda mrefu. Watu hudhani pia kwamba nafasi ya nyuma ni ya mwanamume. Hakuna kinacholazimisha. Mrefu akikaa nyuma miili inapangana vizuri, basi, ila atavumilia nywele puani. Na wanaume wengi wanapenda kukumbatiwa kwa nyuma, sema hawaombi.

Kwa upande wa usingizi, mlalo huu una faida moja kubwa: wote wako ubavu. Mtu akilala chali, ulimi na sehemu laini ya koo hulegea na kurudi nyuma, njia ya hewa inabanwa, na mkoromo unaanza. Ubavu hupunguza hilo. Ubaya wake ni joto. Mwili ukijiandaa kulala hushusha joto lake la ndani kwa kiasi cha nyuzi moja hivi ya Selsiasi, na miili miwili iliyoshikamana chini ya shuka moja inaizuia kazi hiyo. Ndiyo maana wapenzi wengi huanza wameshikana na baada ya nusu saa mmoja anajichomoa taratibu. Hajakukimbia wewe, anatafuta hewa.

Katika mlalo wa pili mmoja yuko chali na mwenzake ameegemeza kichwa kifuani au begani pake. Huu ndio mlalo wa fungate, na sababu yake inaeleweka: unasikia moyo wa mwenzako ukipiga, mnaweza kuongea kwa sauti ya chini, mkono mmoja uko huru kupapasa nywele. Kwa mazungumzo ya kabla ya kulala sijui ulio bora zaidi. Kwa kulala usiku kucha ni mbaya kweli kweli. Aliye chali atakoroma kuliko kawaida yake, na shingo ya aliyemwegemea imekunjwa kwa pembe ambayo asubuhi itamdai.

Halafu kuna mkono uliolaliwa. Mshipa mmoja wa fahamu hupita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, karibu sana na mfupa wenyewe. Kichwa cha mtu kikiukandamiza kwa saa nyingi, mtu anaweza kuamka kiganja kimening'inia, hawezi kuunyanyua mkono kwenye kifundo. Madaktari wana jina la utani la hali hiyo, kupooza kwa fungate. Kwa kawaida hupona wenyewe, lakini inaweza kuchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ganzi ya kawaida huondoka kwa dakika chache, na ganzi hiyo ni taarifa: toa mkono sasa. Kuna watu huona aibu kuutoa wasimwamshe mwenzao. Utoeni.

Nikilazimishwa kuchagua mmoja kati ya hii miwili kwa usiku mzima, nachagua kukumbatia kwa nyuma, na mkono wa chini upite kwenye uwazi kati ya mto na shingo badala ya kulaliwa. Kichwa kifuani kiwe cha robo saa ya mwanzo, wakati stori hazijaisha.

Migongo

Hakuna mlalo unaosingiziwa kama huu. Watu wakilala wamepeana migongo huhesabiwa kuwa wamegombana, wakati kwa hesabu za Wiseman ndio mlalo wa wengi kuliko wowote. Na ukiutafakari kimwili, una akili. Pumzi ya mmoja haimfikii mwenzake usoni. Mikono yote minne iko huru. Kila mmoja ana mto wake, ukingo wake, na hewa yake. Wote wako ubavu, kwa hiyo mkoromo unapungua. Mtu aliyeishi na mwenziwe miaka mingi na akajua hahitaji kuthibitisha chochote saa tano usiku, mara nyingi ndivyo atakavyolala.

Lakini kuna migongo ya aina mbili, na ulinganisho wa maana uko hapa kuliko kule kwenye kukumbatiana.

Wa kwanza: migongo imepeanwa, lakini mahali fulani chini ya shuka kuna mguso. Makalio yanagusana, au nyayo, au kisigino kimoja kimekaa juu ya shavu la mguu wa mwenzake. Ni mguso mdogo, hauleti joto kubwa, haumkandamizi mtu, na bado kila mmoja anajua mwenzake yupo. Kwa maoni yangu huu ndio mlalo bora wa usiku mzima kwa watu wengi, ingawa hakuna anayeuweka kwenye kadi ya mapenzi.

Wa pili: migongo imepeanwa, kila mmoja yuko ukingoni, na katikati mna nafasi ya mtu wa tatu. Hata hapa msikimbilie hukumu. Kwanza pimeni kitanda. Kwenye kitanda chembamba kugusana hakusemi kitu, kwa sababu hakuna pa kwenda. Kwenye kitanda kipana sana nafasi ya katikati inaweza kuwa ni upana tu unaotumika. Kisha itazameni nafasi yenyewe imekujaje. Kama mmekuwa mkilala hivyo tangu mwanzo, ni mazoea yenu. Kama imekuja ndani ya mwezi mmoja, hapo ulizeni.

Hata hivyo migongo ya ugomvi haijifichi sana kwa anayeijua. Mwili umekakamaa, shuka limevutwa hadi sikioni, pumzi ni ya mtu aliye macho anayejifanya amelala. Simu inawaka upande wa pili na inazimwa ukisogea. Mmoja anachelewa kuja kulala makusudi, anasubiri mwenzake ashikwe na usingizi ndipo aingie. Na ukimgusa, anashtuka au anajivuta. Ukiziona hizi, mlalo ni jambo dogo. Hata mngelala mmekumbatiana, ugomvi ungekuwepo.

Kuna jaribio rahisi ambalo nalipenda kuliko michoro yote ya mitandaoni. Mwenzako akiwa bado macho, peleka wayo wako taratibu uguse wake. Halafu subiri. Wayo wake unaweza kuondoka, unaweza kubaki, na unaweza kujibu: kidole gumba kinasukuma kidogo, au mguu wote unasogea karibu. Mguu unaojibu unatosha, hata kama mgongo umegeuzwa. Wake ukiondoka usiku mmoja, pengine wayo wako ni wa baridi. Ukiondoka kila usiku, hapo mna mazungumzo ya kufanya.

Uso kwa uso

Mzuri kwa kunong'ona na kwa kupatana baada ya maneno makali. Kulala hivyo hadi asubuhi ni kazi: mnapuliziana pumzi, magoti yanagongana, mmoja akifumbua macho mwingine naye anaamka. Wale asilimia 4 nawaheshimu. Wengine tuanze hivyo kisha tugeuke.

Anayetawanyika na anayejikunja

Mmoja amejitandaza kama mkeka, mkono huku mguu kule, shuka lote kwake. Mwingine amejikunja pembeni, nusu ya mwili ikiwa hewani. Wachambuzi wa michoro husema huyo wa kwanza ni mbabe katika uhusiano na wa pili amenyamazishwa. Sikubali kirahisi. Mtu aliyelala usingizi wa pono hana ubabe. Huenda amezoea kulala peke yake tangu utotoni, huenda ana joto jingi, au godoro limebonyea katikati na mzito anavuta kitanda kizima kuelekea kwake.

Kinachopimika ni anavyofanya akiwa macho. Umemwambia, "Mwenzangu, usiku unanimalizia nafasi, nalala nusu niko chini." Amecheka, akaomba radhi, akasaidia kutafuta suluhisho? Au amesema wewe ndiye mlalamishi? Jibu la mchana lina habari kuliko mguu wa usiku.

Suluhisho lenyewe mara nyingi ni jepesi: shuka au blanketi mbili, kila mmoja na lake. Kuna wanaoliona jambo hilo kama hatua ya kwanza ya kuachana. Kwangu ni kinyume chake, kwani watu wawili wasionyang'anyana shuka wana sababu moja pungufu ya kuamka na hasira. Na kuamshana ni kwingi kuliko tunavyodhani. Watafiti Pankhurst na Horne, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1994, waliwawekea wenzi vipima-mwendo usiku na kuona kwamba karibu theluthi moja ya mijongeo ilikuwa ya wote wawili, yaani mmoja akijigeuza, mwingine naye anacheza. Ajabu ni kwamba wengi katika utafiti huo waliona wanalala vizuri zaidi wakiwa na wenzi wao, ingawa vipimo vilionyesha wanachezacheza zaidi.

Kitanda kimoja, au kila mmoja chake?

Hapa ndipo watu huogopa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hoja ya kulala pamoja ina uzito wa kisayansi. Mwaka 2020 watafiti wa Kiel nchini Ujerumani, wakiongozwa na Henning Drews, walipima jozi 12 za wenzi, wakilala pamoja na wakilala mbalimbali. Walipolala pamoja, ile hatua ya usingizi wenye ndoto nyingi, ambamo macho huchezacheza chini ya kope, ilikuwa ndefu zaidi na haikukatikakatika, na hatua za usingizi za wawili hao zilielekea kwenda sambamba. Miguu na mikono ilicheza zaidi, lakini haikuuharibu usingizi. Ni kundi dogo, na walikuwa vijana wenye afya. Bado linaeleza kwa nini wengi hugaagaa mwenzao akisafiri.

Hoja ya kutengana nayo ina uzito wake. Amie Gordon na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba baada ya usiku mbaya wenzi huripoti migongano zaidi, na pia huwa wazito kusoma hisia za mwenzao. Kama mmoja anafanya kazi za zamu, anakoroma kwa kutikisa dirisha, au anaamka saa tisa usiku kila siku, kung'ang'ania kitanda kimoja kunaweza kuwagharimu mapenzi mnayojaribu kuyalinda. Wala si jambo la wachache: katika uchunguzi wa maoni wa American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, wa mwaka 2023, zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani walioulizwa walisema wakati mwingine au mara kwa mara hulala chumba tofauti na mwenzi wao ili wapate usingizi.

Tofauti ni namna ya kuhama. Anayehama kwa makubaliano huanza usiku kitandani kwa mwenzake, wanaongea, wanakumbatiana, kisha anakwenda zake, na asubuhi anarudi. Anayehama kwa hasira hubeba mto na kufunga mlango kwa nguvu. Wa kwanza amehama usingizi tu.

Ila kuna jambo moja msilitatue kwa kuhama. Kama mwenzako anakoroma sana, kisha anakaa kimya kama pumzi imekatika, halafu anashtuka kwa kuvuta hewa kwa nguvu, na mchana anasinzia hovyo, hayo ni mambo ya kupeleka kwa daktari. Ukihama, shahidi pekee wa pumzi zile zilizokatika ameondoka chumbani.

Mwili unapoamua kabla ya moyo

Wakati mwingine uchaguzi haupo, mwili umeshauchukua, na mapenzi hayahusiki kabisa. Mjamzito kuanzia wiki ya 28 hushauriwa asinzie akiwa ubavu, wowote kati ya miwili, na akijikuta chali usiku ageuke tu bila hofu. Kwake kukumbatiwa kwa nyuma ni neema, hasa mto ukiwekwa kati ya magoti.

Mwenye kiungulia cha usiku hupata nafuu akilalia ubavu wa kushoto, kwa sababu ya jinsi tumbo lilivyokaa. Sasa fikirini: kama analala upande wa kushoto wa kitanda, kulalia ubavu huo kunamfanya autazame ukuta na kukupa mgongo kila usiku wa Mungu. Miezi inapita unajiuliza umemkosea nini, kumbe ni asidi. Badilishaneni pande. Akilala upande wa kulia, wewe ukiwa kushoto kwake, ubavu ule ule unamleta uso kwako. Mwenye bega bovu hesabu yake ni hiyo hiyo, maana hatalilalia, na upande aliopewa kitandani ndio utakaoamua kama unauona uso wake au kisogo.

Joto la ghafla linalowapata wanawake hedhi inapoelekea kukoma, maumivu ya kiuno, dawa mpya, haya yote humsogeza mtu ukingoni. Kwa hiyo kama mlikuwa mkigusana kwa miaka na sasa mmoja amehama ghafla, anzeni na maswali ya mwili ndipo mwende kwenye ya moyo. Msiulizane taa ikiwa imezimwa, kwa sababu aliyechoka hujibu ovyo. Ulizeni mchana, na muulize jambo mnaloliona. "Siku hizi naona unalala mbali, ni joto au kuna jambo?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu. "Siku hizi hunipendi" ni mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. Akisema ni joto, ongezeni shuka la pili na muone wiki ijayo. Akisema godoro linamuumiza, ligeuzeni. Akinyamaza, msibaki kuhesabu sentimita kitandani. Hilo ni la kukaa na kuzungumza mkiwa mmevaa na mmeshiba, na kama ninyi wawili hamliwezi, liwe mbele ya mtu ambaye nyote mnamheshimu.